Fisi wa Ijumaa Kuu

Kabla hujaniuliza kama siku ile nilikuwa na homa, nakujibu: sikuwa na homa. Nilikuwa nimefunga, ndiyo, maana ilikuwa Ijumaa Kuu, lakini kuruka chai ya asubuhi hakujawahi kumtoa mtu akili. Wala usidhani ilikuwa usiku. Watu wakisimulia mambo haya hupenda giza, upepo, na bundi juu ya paa. Mimi yalinikuta mchana kweupe, jua la utosi, jembe mkononi. Alama yake ninayo kwenye kiganja changu cha kulia, na ukifika nyumbani nitakuonyesha.

Kwa kuzaliwa mimi ni mtu wa Kishapu, jirani na Mhunze. Nilipoolewa, mume wangu, Baba Kulwa, akasikia habari za dhahabu upande wa Bukombe, tukahamia kijiji kimoja mbele kidogo ya Ushirombo. Jina la kijiji nalihifadhi, kwa sababu baadhi ya ninaowasema wako hai na tunasalimiana vizuri. Dhahabu hatukuipata. Baba Kulwa alishuka mashimoni msimu mmoja, akatoka na kikohozi, akarudi kwenye jembe lake, na baadaye Padri akamfanya katekista. Mimi wakanichagua kuongoza jumuiya yetu. Husema nina kichwa kigumu, na hapo sina la kubisha.

Wachimbaji walipohama walituachia mashimo. Mengine marefu, yenye magogo ya kuzuia kuta, hayo watu wanayaogopa na kuyazungushia miiba. Lakini mengi yalikuwa ya kujaribia tu. Walichimba kimo cha mtu aliyenyoosha mkono juu, wakachungulia mwamba, wakaukosa, wakaenda zao. Yako kwenye mihogo, yako kando ya njia. Mbuzi wametumbukia humo, na walevi pia. Asubuhi ya Ijumaa Kuu hiyo, shimo mojawapo, lile lililo kando ya njia ya kwenda kilimani, lilikutwa na fisi.

Nilikuwa nafagia uwanja niliposikia mwano. Mwano ni yowe la hatari, na kwetu likipigwa kila mwanamume hutoka na fimbo yake. Wanawake hatuitwi, lakini mimi nilikwenda. Nilikuta watu wamelizunguka shimo, vijana wengine wananyanyua simu wapige picha, wengine wanatupa mawe. Fisi alikuwa chini, amejibana kwenye kona, mguu wake wa mbele wa kushoto umekunjika vibaya. Ulimi ulikuwa nje, umekauka na kupakwa vumbi. Shingoni alikuwa na kitu kama kamba iliyozama ndani ya manyoya, na kwenye kamba hiyo kilining'inia kijiti kilichojaa damu na udongo.

Kamanda Masanja, mkuu wa sungusungu, walinzi wetu wa jadi pale kijijini, alikiona kijiti kile kabla ya wote.

"Mnaona?" akasema. "Ana kamba. Ana hirizi. Huyu si wa porini, huyu ni wa mtu."

Kama wewe si mtu wa huku, ngoja nikueleze. Usukumani wapo wengi wanaoamini kwamba fisi ana mwenyewe. Wanasema wachawi huwafuga, huwafunga kamba, huwapanda usiku kama unavyopanda pikipiki. Na wanasema ukimjeruhi fisi wa namna hiyo, kidonda humtokea mwenyewe nyumbani kwake, mahali pale pale. Watu wazima husema hivyo, watu wenye watoto chuoni. Nami nilikuwa nimeyasikia maneno hayo tangu nikinyonya.

"Tumemvunja mguu wa kushoto," Masanja akaendelea. "Vizuri sana. Leo jioni tunapita nyumba kwa nyumba. Atakayechechemea mguu wa kushoto, kazi imekwisha."

Nisimwonee Masanja. Fisi walikuwa wamemla ndama, kisha wakamlia mtamba mzuri aliyekuwa amemtengea mwanawe kwa mahari. Mtu amelala njaa ili ng'ombe wazaliane, halafu anaamka anakuta kwato na mkia. Ungekuwa wewe ungecheka? Hasira yake ilikuwa na sababu, ila ilikuwa inatafuta mtu wa kumwangukia. Akatuma bodaboda alete dumu la petroli, vijana wakaanza kuburuta matairi chakavu.

Hapo Baba Kulwa akainua mkono. "Leo ni siku aliyokufa Bwana," akasema. "Nawaomba msiwashe moto wowote kabla ya Njia ya Msalaba." Masanja ni mkatoliki, mke wake anaimba kwaya. Akakubali shingo upande. Tukimaliza ibada, akasema, tutarudi hapa, tutamchoma, na baada ya hapo tutamtafuta mwenyewe.

Mimi nilikuwa namjua mtu anayechechemea mguu wa kushoto. Jana yake tu, Bi Mbuke alikuwa anapalilia karanga, jembe likamteleza likampiga juu ya unyayo. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfunga kwa kipande cha khanga kuukuu. Bi Mbuke alikuwa mjane, anaishi peke yake pembeni ya kijiji, mdomo wake mkali, macho yake mekundu kwa miaka ya kupikia mabua ya pamba yenye moshi mbaya. Bibi kizee, peke yake, macho mekundu, na sasa mguu. Nikuambie nini zaidi? Watu wa Shinyanga na Geita wanaosoma hapa wameshaelewa: bibi mwenye macho mekundu huku huitwa mchawi, na wapo waliouawa kwa hilo tu.

Nilikwenda kwake karibu nikimbie.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekuja kuangalia mguu wangu au kuangalia kama nimekuwa fisi?"

Ndivyo alivyokuwa, hata siku ya namna ile. Maneno yalikuwa yameshamfikia. Nikamwambia tupande pikipiki, nimpeleke Ushirombo kwa masista, akae huko mpaka watu wapoe. Akatikisa kichwa.

"Nikipanda pikipiki leo, ndiyo nimekiri. Watasema amekimbia. Nikirudi hakuna nyumba, hakuna kuku, hakuna mimi." Akanusa ugoro wake taratibu. Ugoro mwingine ukamwagika kifuani. "Nenda kanisani ukaniombee, mwanangu. Mimi niache na mlango wangu."

Nilitoka pale nikiwa na hasira mpaka machozi. Kuomba ningeomba, mimi ni mtu wa sala. Lakini kila nikifumba macho nilikuwa nauona ule ulimi. Nilijua kuwa moto ule ukishawashwa kwa mnyama hautaishia kwa mnyama. Na nilijua jambo jingine, ambalo nilikuwa naona aibu kulisema kwa watu: nilikuwa namwonea huruma yule fisi mwenyewe. Si kwa sababu ya Bi Mbuke tu. Nilikuwa namwonea huruma yeye, na meno yake mabaya na harufu yake. Amevunjika, ana kiu, haelewi kosa lake, na watu wamesimama juu yake wanangoja saa ya kumchoma. Siku ile ile ambayo sisi tunamlilia Bwana aliyeomba maji msalabani akapewa siki. Sasa utalia vipi mbele ya msalaba, na hapo njiani umeruka kiumbe kinachotaka maji?

Nilimkuta mume wangu anavaa kanzu yake ya ibada. Nikamwambia sitakwenda kwenye Njia ya Msalaba, nakwenda shimoni. Nataka nikione kile kinachoitwa hirizi.

"Mama Kulwa," akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka, "tumwombee bibi. Mnyama tumwachie Mungu."

"Mungu yupi? Huyu aliyemuumba fisi, au kuna mwingine?"

Akachukua msalaba wa mbao akatoka. Mimi nikachukua ndoo ya maji, kata ya kuchotea, na jembe.

Jua lilikuwa kali kweli. Mvua zilikuwa zimekatika katikati ya Kwaresima, na udongo mwekundu ulikuwa unarudisha joto usoni. Watu wote walikuwa kanisani. Hakuna jogoo, hakuna pikipiki, hakuna redio. Nikafika ukingoni nikachungulia. Fisi aliinua kichwa. Nzi walikuwa wamejaa shingoni mwake. Kwa ukaribu ule nikaona kwamba ile kamba haikuwa kamba, ilikuwa waya, umekata ngozi na kuingia kwenye nyama, na kile kijiti kilikuwa kinauvuta kila anapojitikisa. Nilijaribu kushusha kata kwa kuifunga kwenye mpini wa jembe, maji yakamwagika yote kabla ya kufika. Nikajaribu tena, yakamwagika tena. Nikakaa chini pale ukingoni, nikasema, "Yesu, mimi sijui nifanye nini, na wewe unajua sijui."

"Mwadila," sauti ikasema.

Ndiyo salamu yetu ya mchana. Niliinua macho. Ng'ambo ya shimo alisimama bibi mmoja mwembamba, kitenge chake kimefifia hata huwezi kujua kilikuwa rangi gani. Mkononi alikuwa na bangili ya shanga nyeusi. Njia ile ni nyeupe, unamwona mtu tangu anatokea mbali, nami sikuwa nimemwona akija. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia marahaba. Alinyoosha viganja vyake viwili, akavikutanisha.

"Nipe hayo maji."

Nikadhani ana kiu. Nikazunguka, nikachota kata iliyojaa, nikammiminia. Amini usiamini, maji yalipogusa mikono ile yalilia, kama unapomwaga maji kwenye kikaango kilichotoka jikoni. Mvuke ukapanda. Ndipo nikasikia harufu ya majani makavu ya paa yaliyoungua, na nikaona kwamba kucha zake zimejaa majivu.

Nilitaka kukimbia. Kwa nini nikufiche? Miguu ndiyo iliyokataa. Nikataja jina la Yesu kwa sauti, nikitegemea kwamba kama ni jini au pepo, atatoweka. Yule bibi akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo zuri.

"Huyo huyo," akasema. "Endelea kumtaja."

Basi nikaendelea kumtaja. Sijui alivyoshuka. Sikumwona akiruka wala akiteleza. Alikuwa ukingoni, halafu alikuwa chini, amechuchumaa mbele ya fisi, maji bado yamo viganjani. Fisi hakutoa meno. Alinyoosha shingo akanywa, nikasikia ulimi wake ukikwangua ngozi ya mikono ile. Yalipokwisha, bibi alininyooshea viganja, nikamimina kutoka juu, na safari hii hakuna tone lililopotea. Nilimimina mpaka ndoo ikaisha. Nilikuwa nalia, nadhani kwa woga na kwa furaha kwa pamoja, na bado nikawa nataja lile jina.

Kisha akashika waya. Akaulegeza taratibu, akiutoa kwenye nyama, huku anazungumza na yule mnyama kwa Kisukuma, maneno ya kubembelezea mtoto aliyechomwa na mwiba. Akasema bila kunitazama, "Huyu hana mwenyewe. Hata mimi wangu sikumjua."

"Wako yupi, bibi?"

"Fisi wao. Walisema ni wangu." Sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. "Walifunga mlango kwa nje, wakawasha. Ng'wana wane, mwanangu, fisi yule mimi sikuwahi kumtia machoni."

Akaninyooshea waya na kijiti chake. Nikapokea. Uliniunguza! Nilipiga kelele, lakini sikuuachia, kwa sababu alikuwa ananitazama, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya Bi Mbuke.

"Wakimwasha huyu, hawatazima," akasema. "Una jembe. Chimba."

Sasa sikia. Wachimbaji walipotaka kutoa pampu iliyokwama kwenye shimo fupi hawakuinyanyua, hiyo ni kazi ya watu wengi. Walikata ukingo upande mmoja, udongo unaporomokea ndani, mpaka panakuwa na mteremko, pampu inaburutwa. Nilikuwa nimewaona wakifanya. Nikatupa ule waya kwenye majani, nikashika jembe na kiganja changu kilichoungua, nikaanza kukata ukingo. Ulikuwa mgumu juu, laini chini. Nikakata, nikasukuma udongo kwa miguu, nikakata. Jasho liliniingia machoni. Malengelenge yalipasuka. Mbali kidogo nikasikia nyimbo za Kwaresima, na kengele ya mbao. Ibada ilikuwa imetoka kanisani na inakuja kilimani, kwa njia ile ile inayopita shimoni.

Nilipoinua kichwa kuomba msaada, bibi hakuwepo. Chini alikuwepo fisi tu, amesimama kwa miguu mitatu, anautazama mteremko wangu.

Je, ningeweza kuacha na kurudi nyumbani? Hilo lilinipitia kichwani, sitakudanganya. Nikalifukuza. Nikakata mabonge ya mwisho, nikasogea pembeni, nikasema, "Haya, toka. Toka kwa jina la aliyekuumba." Nilimsemesha kama ninavyowasemesha ndama wangu.

Watu walitokea kwenye kona, mbele Baba Kulwa na msalaba, nyuma yake akina mama, kisha wanaume, na Masanja na mkuki wake, maana alikuwa amejiandaa. Na wakati huo huo fisi akapanda. Alipanda akiteleza, akitegemea kifua, akafika juu, akasimama njiani mbele ya watu wote. Wimbo ukakatika. Akina mama wakapiga yowe. Masanja akatoka kwenye mstari, mkuki umeinuliwa, nikaona mkono wake unavuta nyuma.

Basi mume wangu, yule yule aliyesema mnyama tumwachie Mungu, akapiga hatua moja akauweka msalaba katikati ya mkuki na mnyama. Aliushika tu mbele ya kifua cha Masanja. Fisi alitutazama, akanusa hewa, akaingia vichakani akichechemea. Tulisikia majani, kisha hatukusikia kitu.

Unadhani walipiga magoti? Walinigeukia mimi.

"Amemfungulia!" mmoja akapayuka. "Tangu asubuhi alikuwa anamtetea!"

"Sasa tumemjua mwenye fisi," akasema Masanja. "Mama katekista! Tumeshiriki meza moja na mchawi!"

Nilikuwa nimetapakaa udongo, mkono unavuja maji ya malengelenge, na sikuwa na nguvu hata ya kusimama wima. Lakini kichwa changu kigumu kilikuwepo. Nikautafuta ule waya kwenye majani, nikauinua juu waone wote.

"Hirizi yenu hii hapa. Ni waya wa breki ya baiskeli. Na hiki kijiti ni kigingi cha mtego." Nikakipangusa damu na udongo kwa khanga yangu. Na hapo, nakuapia, ndipo mimi mwenyewe nilipokiona kilichochomwa kwenye ule mti: nusu duara, na mistari miwili inayokatana chini yake. Chapa ya ng'ombe. Kijijini kwetu hata mtoto anajua ng'ombe wa nani ana chapa gani, na chapa ile iko kwenye mapaja ya ng'ombe wanaopita mbele ya nyumba yangu kila siku. Mwenyewe ana tabia ya kuichoma kwenye kila kitu chake, mipini ya majembe, viti, hata mlango wa zizi.

Sikutaja jina. Nilikizungusha tu kigingi, kila mtu akione.

"Si ya Kamanda hiyo?" mama mmoja akauliza kwa sauti ndogo.

Masanja akasogea, akakishika, akakigeuza. Nilimwona anavyobadilika uso. Alikuwa ametega mtego nyuma ya zizi lake baada ya kuliwa mtamba, na asubuhi moja akakuta mtego haupo. Fisi alikuwa ameung'oa na kigingi chake, akaondoka nao shingoni. Na yeye mwenyewe ndiye aliyetuambia asubuhi ile, kwa kinywa chake, kwamba aliyemfunga kamba fisi ndiye mwenyewe.

Vijana wawili waliokuwa karibu na dumu la petroli lililoachwa pale tangu asubuhi wakaanza kumtazama Masanja kwa namna ile ile walivyokuwa wananitazama mimi punde tu. Mmoja akaliinua dumu. Nikaelewa kwamba moto hauchagui, unataka tu mtu wa kuingia. Nikaenda nikasimama mbele ya Masanja, mgongo wangu kwake, uso wangu kwao.

"Na huyu pia hachomwi," nikasema. "Anayemtaka aanze na mimi."

Baba Kulwa akaja akasimama nami, na msalaba. Kisha mke wa Masanja, yule wa kwaya. Kisha akina mama wengine, mmoja mmoja. Yule kijana akaweka dumu chini. Masanja alikaa chini pale pale njiani, mkuki magotini, akasema kwa sauti iliyokauka, "Mtego ni wangu. Fisi si wangu. Jamani, mimi fisi yule simjui."

Maneno yale nilikuwa nimeshayasikia mchana ule, kutoka shimoni.

Jioni nilikwenda kwa Bi Mbuke. Nilimkuta amejifungia, amekaa nyuma ya mlango na panga la kukatia kuni. Nilipomweleza yaliyotokea alicheka, kisha akalia sana, kisha akanipaka asali kwenye kiganja. Nikamsimulia kuhusu yule bibi. Akaniuliza kama alikuwa na bangili ya shanga nyeusi.

"Alikuwa nayo."

"Huyo ni Kabula," akasema. "Pale penye shimo palikuwa nyumbani kwake, zamani, kabla hawa wachimbaji hawajaja kupachimbua. Mimi nilikuwa nimeolewa juzi juzi. Usiku mmoja watu walikuja wakasema ana fisi. Sote tulijifungia ndani tukaziba masikio. Asubuhi hakuna aliyesema sala, hata moja. Walifukia hata majivu yake."

Mpaka leo kiganja changu kina mstari, mwembamba, unaopita kutoka kidole gumba mpaka kwenye kifundo cha mkono. Muuguzi wa zahanati aliniambia niliungua kwa chuma kilichotoka motoni, akaniuliza nilikuwa kwa mhunzi gani. Nikamwambia nilishika waya. Joto la mwili likinipanda, mstari huo huwasha, nami humtaja Kabula kwenye sala zangu.

Padri alipofika tulimwombea Misa, kwa jina lake, kanisa zima. Tukasimika msalaba pale. Shimo lenyewe alilifukia Masanja, na kwa muda mrefu alizunguka na sepetu lake akifukia na mengine, hakuna aliyemtuma. Aliacha ukamanda. Zizi lake sasa lina ukuta wa miiba mikali, fisi hawaingii. Mimi sisemi fisi ni malaika, usije ukanielewa vibaya. Wanakula mbuzi, na kuku wangu pia wamewahi kuondoka nao. Wapo wanaoniita Mama Fisi mpaka leo, wengine kwa utani, wengine si kwa utani, na wote naitikia.

Bi Mbuke alifariki mwaka jana. Alikufa kitandani kwake, kwa uzee na kifua, mchana, na mimi nilikuwa nimemshikilia kikombe cha uji. Labda kwenu hilo ni jambo la kawaida. Sisi tulipomzika tulipiga vigelegele.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayesoma. Siku utakapowasikia wanasema mnyama huyu ni wa mtu, iwe fisi, iwe paka, iwe bundi, usikae nyumbani ukisema ni mnyama tu. Wanaanza na yeye kwa sababu hawezi kujitetea, na wakati anaungua wameshachagua mlango wa kwenda kubisha. Nenda mapema. Nenda na maji. Na kama hutakwenda, basi usije kuniambia kwamba ulikuwa unasali, kwa sababu majirani wa Kabula nao walijifungia ndani, na walisikia kila kitu.